Nimekabidhiwa idara ya wadudu, mpango wa mwaka nauanzia wapi?

Shikamoo Profesa,

Mimi ni mhadhiri mwandamizi katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Desemba niliitwa ofisini kwa Rasi wa Ndaki nikapewa barua ya uteuzi: kuanzia Januari mimi ndiye mkuu wa idara ya elimu ya wadudu. Wenzangu walinipongeza, mama yangu alilia kwa furaha kwenye simu, nami tangu siku hiyo silali vizuri. Mwisho wa Februari natakiwa kuwasilisha mpango na bajeti ya idara kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai. Humo humo nimeagizwa nieleze kwa nini tuendelee kuwa idara inayojitegemea, maana limezuka wazo la kutuunganisha na wenzetu wa sayansi ya mazao.

Hali yenyewe ni hii. Idara ina pande mbili zisizopikika chungu kimoja. Upande wa mbu una mradi wa wafadhili, una gari, na una chumba cha kufugia mbu chenye joto na unyevu unaodhibitiwa. Upande wa wadudu wa mazao hauna mradi wowote, lakini ndio unaobeba vipindi vingi vya shahada ya kwanza, na ndio unaotunza makabati ya sampuli zilizokusanywa tangu enzi za walimu wa walimu wetu. Watu wa mazao wanasema watu wa mbu wanajiona. Watu wa mbu wanasema watu wa mazao wamelala. Vikao vyetu huishia kwenye maneno ya gari.

Mradi wa mbu unakwisha Juni. Vijana wawili wanaolisha mbu na kubadilisha maji ya viluwiluwi wanalipwa na mradi huo. Oktoba naye anastaafu fundi sanifu wetu wa maabara, ambaye sote, hata wenye mvi, tunamwita Mzee. Yeye ndiye anayejua kila droo ina nini. Daftari lipo, ila mengi yamo kichwani mwake. Juzi nilifungua droo za mbawakawa nikakuta unga umejaa chini ya pini na sampuli zimetobolewa.

Wanafunzi ni wengi kuliko hadubini. Mafunzo ya vitendo nje ya chuo mwaka jana yalifanyika Agosti kwa sababu masurufu yalichelewa. Nchi ilikuwa imekauka, wanafunzi wakarudi na sisimizi na panzi.

Halafu kuna jambo ninaloona haya kuliandika. Profesa aliyenisimamia uzamivu bado yuko idarani kwa mkataba baada ya kustaafu. Namheshimu kama baba. Lakini kila nikitoa wazo kikaoni anasema, "Hilo tulishalijaribu," na wote wanageuka kumtazama yeye.

Nimeandika rasimu ya mpango. Ina malengo zaidi ya ishirini: programu mpya ya uzamili, mashine ya kuchunguza vinasaba, ndege isiyo na rubani ya kukagua mashamba, kongamano, jarida la idara, ukarabati wa chumba cha mbu. Kila aliloomba mtu nimeliweka. Nikiisoma naona imeandikwa ili kila mtu aridhike, na sijui Julai ikifika nitaanza na lipi. Na utafiti wangu mwenyewe je? Nina wanafunzi wa uzamivu wanaonitegemea.

Naomba unishauri, Profesa.

Mkuu mpya wa idara, Kanda ya Mashariki

*

Marahaba, Daktari, na hongera kwa kuaminiwa.

Rasimu hiyo iweke pembeni kwanza. Chukua karatasi nyingine ujiulize: idarani kwangu kuna nini ambacho kikikosa uangalizi mwaka huu hakitapatikana tena? Programu ya uzamili inaweza kungoja mwaka mmoja na isipungukiwe kitu. Kongamano vivyo hivyo, na jarida pia. Mbu hawawezi kungoja. Sampuli zinazoliwa haziwezi kungoja. Na Mzee anaondoka Oktoba na yote anayoyajua. Wakuu wa idara nyingine wanaweza kufunga milango wakati wa likizo na kukuta kila kitu kama walivyokiacha. Wewe umekabidhiwa viumbe hai na mabaki ya viumbe, na mpango wako lazima uanzie hapo, kisha ndiyo yafuate ya wanadamu.

Nianze na chumba cha mbu, kwa kuwa Juni iko karibu. Unajua vizuri kuliko msomaji mwingine wa safu hii kwamba mayai ya Edesi, mbu wa dengi, yakikaushwa juu ya karatasi hukaa miezi, na siku ukiyatia maji yanaanguliwa. Mayai ya Anofelesi, mbu wa malaria, hayana ustahimilivu huo. Kundi la Anofelesi huishi kwa kuzaliana mfululizo, kizazi juu ya kizazi, kama wiki mbili hivi kutoka yai hadi mbu mzima kwenye joto la nyuzi 27. Vijana wale wakiacha kuja kwa sababu mkataba umekwisha, Julai nzima ikapita mkiandikiana barua na utawala, Agosti mtakuwa na chumba kizuri chenye vizimba vitupu.

Kwa hiyo waite watu wa mbu wiki hii uwaulize mnafuga makundi mangapi na kila moja ni la kazi gani. Mara nyingi utakuta kundi lililoletwa kwa ajili ya tasnifu ya mtu aliyekwisha kuhitimu zamani, na bado linalishwa. Bakisha yale ambayo kazi haiendi bila hayo: kundi moja lisilo na usugu wa dawa, kama lile la Kisumu linalotumiwa na maabara nyingi za Afrika kama kipimo, na moja la mbu wa kwenu. Yaliyobaki yapelekwe kwa wanaoyahitaji. Kisha andikiana na maabara nyingine, iwe Ifakara au kituo cha utafiti wa magonjwa ya binadamu kule Muheza, mkubaliane kwamba wao wakipoteza kundi mtawapa mayai, na ninyi mkipoteza watawapa. Makubaliano ya mdomo husahaulika mkuu wa idara akibadilika, kwa hiyo yawe na saini.

Fedha za mlishaji zitafute sasa, si Juni. Omba mkataba wa muda kutoka mapato ya ndani ya ndaki, kwa kijana mmoja angalau, na uweke kwenye bajeti gharama zote za chumba hicho kwa mwaka: chakula cha viluwiluwi, sukari, damu, umeme, mafuta ya jenereta. Weka pia ratiba ya nani atalisha siku za Idi, Krismasi, Mwaka Mpya na Sabasaba. Afisa wa fedha akiuliza kwa nini chuo kilipe mtu wa kulisha mbu, mweleze kipimo chenyewe. Katika utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, mbu wasiopungua 100 huwekwa penye dawa kwa saa moja, kisha baada ya saa 24 mnahesabu waliokufa. Wakifa 98 kwa mia au zaidi, dawa bado inafanya kazi. Wakifa chini ya 90, usugu umethibitika. Lakini bila kundi lisilo na usugu la kulinganisha, mbu wakipona hujui kama wao ni sugu au dawa yako imechakaa. Tasnifu zote za usugu zilizotoka idarani kwako zimesimama juu ya vizimba hivyo.

Na akitaka mfano wa nchi hii hii, mpe wa Unguja. Mbung'o walimalizwa kisiwani humo, wa mwisho wa porini akanaswa mwaka 1996, kwa kuachia kutoka kwenye ndege mamilioni ya madume yaliyohasiwa kwa mionzi. Madume hayo yalifugwa Tanga. Mbung'o jike huzaa buu mmoja tu kwa wakati, na huchukua siku kama tisa au kumi kupata mwingine. Fikiria subira ya wafanyakazi wa Tanga waliolea mdudu wa namna hiyo mwaka baada ya mwaka bila kuliacha kundi lianguke. Marubani wasingekuwa na cha kuachia kama si wao.

Jambo jingine la kufanya kabla ya Juni: soma mkataba wa mradi unaokwisha. Magari na vifaa vya mradi huwa na kifungu chake. Vingine hubaki chuoni, vingine hurudi kwa mfadhili au huhamishiwa kwingine. Kama mkataba haueleweki, mwandikie mfadhili sasa wakati bado kuna mtu wa kujibu. Ugomvi wenu wa gari huenda ukaisha kwa jibu moja la maandishi.

Sasa makabati. Unga ulioukuta chini ya pini ni kazi ya mabuu ya wale mbawakawa wadogo wanaokula ngozi na mabaki makavu, na nafthalini haitawaua, inawafukuza tu pale harufu inapokuwa kali. Tafuta friza ya kawaida inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri. Funga kila droo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, igandishe kwa wiki moja au mbili, ukiitoa iache ndani ya mfuko siku nzima hadi ipate joto la chumba ili unyevu usitue juu ya wadudu. Anza na droo zilizoshambuliwa, na droo za jirani zake hata kama zinaonekana salama. Gharama yake ni friza na umeme. Hakuna kipengele kingine katika bajeti yako kitakachookoa kitu kikubwa hivyo kwa fedha ndogo hivyo.

Mzee ndiye wa kuanza naye kesho asubuhi. Usingoje kikao. Mwombe kwa heshima zote mpange siku moja kila wiki, kuanzia sasa hadi atakapoondoka, akae mbele ya kabati na msaidizi mwenye simu ya kupigia picha na kurekodi sauti, wapite droo kwa droo. Huyu alikusanywa wapi, na nani, ile alama ya penseli maana yake nini, kwa nini sanduku hili liko mbali na ndugu zake. Sampuli isiyojulikana ilitoka wapi na lini ni pambo tu, na nakuhakikishia zipo nyingi ambazo lebo zake zimefifia na anayejua ni yeye peke yake. Yote yaingie kwenye jedwali la kompyuta, kisha mpeleke kumbukumbu hizo TanBIF, kituo cha taarifa za bioanuwai kilichoko chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, ziwafikie watafiti wa dunia nzima. Daftari jipya litakapochapwa, jina la Mzee liwe ukurasa wa kwanza kama mwandishi wake. Amelifanyia kazi maisha yake yote, na mafundi wetu wengi wamestaafu bila jina lao kuandikwa popote.

Mrithi wake asisubiri Oktoba. Nafasi ya fundi sanifu iingie kwenye ikama unayowasilisha Februari, na kwa kuwa vibali vya ajira huchukua muda, omba pia uhamisho wa ndani wa mtu kutoka maabara nyingine ifikapo Julai, ili wafanye kazi pamoja na Mzee angalau miezi mitatu.

Nimekaa sana kwenye makabati kwa sababu ndimo lilimo jibu la Rasi. Ukimwandikia kwamba wadudu ni muhimu kwa uchumi wa taifa, atakubali na bado atawaunganisha. Mwonyeshe kazi ambayo haifanywi na mtu mwingine chuoni, yaani kumtaja mdudu kwa jina lake kwa uhakika. Miaka ya mwanzo ya 1980 wakulima wa Tabora walikuwa wanaona mahindi yao yanageuka unga ghalani. Alikuwa dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati, yule waliyempachika jina la Skania. Mwaka 2003 akaonekana Kenya nzi mgeni wa matunda kutoka Asia, naye hakuchelewa kufika kwetu. Mwaka 2014 kantangaze alikuwa kwenye nyanya zetu. Mwaka 2017 kiwavijeshi vamizi alikuwa kwenye mahindi, akifanana vya kutosha na kiwavijeshi tuliyemzoea kiasi cha kuwachanganya watu. Na kwa upande wa mbu, yule wa malaria kutoka Asia aitwaye stephensi, anayezaliana kwenye matangi ya maji mijini, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012 na tangu hapo ameonekana Ethiopia, Sudan, Somalia na Kenya. Siku akiokotwa mtaani kwenu, nani atasema kwa uhakika kwamba huyu ni mgeni, kama hakuna kabati la wenyeji wa kumlinganisha nao?

Kisa cha muhogo ndicho ningekiweka ukurasa wa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vidung'ata wa muhogo, wadudu wadogo weupe wanaofyonza utomvu, waliingia Kongo kutoka Amerika ya Kusini, wakasambaa nchi hadi nchi wakikausha chakula cha mamilioni ya watu. Watafiti walikwenda kuwatafutia adui wao wa asili huko walikotoka. Upande wa kaskazini wa bara hilo walipata vidung'ata kwenye muhogo na wadudu wanaowashambulia, lakini hao hawakufaa kwa vidung'ata wa Afrika. Wataalamu wa kuainisha walipowachunguza kwa makini walikuta hao wa kaskazini ni aina nyingine kabisa, ingawa kwa macho wanafanana. Mwaka 1981 ile aina yenyewe ilipatikana Paraguay, pamoja na nyigu mdogo sana anayetaga ndani yake. Nyigu huyo alianza kuachiwa Nigeria mwaka huo huo, na kwa miaka iliyofuata aliokoa muhogo wa Afrika bila mkulima kununua dawa. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Kosa la jina lilichelewesha tiba, na jina sahihi likaileta. Mtu wa kuona tofauti hiyo hatengenezwi kwa somo moja la muhula ndani ya idara ya mazao.

Hata hivyo, Daktari, nikwambie wazi: Rasi akiona pande mbili zisizosemezana atakuwa na haki ya kuuliza idara iko wapi. Hapo ndipo mafunzo ya vitendo yanapoingia, na hapo ndipo ningeweka nguvu nyingi za mwaka wako.

Agosti haifai. Panga mwaka wako ukianzia kwenye mvua. Bandika ukutani karatasi kubwa ya miezi kumi na miwili. Kwanza chora vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Chini yake chora mazao yaliyoko shambani. Chini yake mihula. Fedha ziwe mstari wa mwisho, na kila tarehe ya fedha uipate kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ambayo mdudu anapatikana. Mkitaka kuwa shambani Aprili, maombi ya masurufu yawe mezani kwa mhasibu Januari au mapema Februari, na kabla ya hapo hakikisha hakuna mhadhiri wako ambaye hajarejesha masurufu ya safari iliyopita, maana mmoja tu anaweza kuwakwamisha wote. Pini, ethanoli, nyavu na betri za mitego viingie kwenye mpango wa ununuzi sasa, vipandishwe kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali wa mtandaoni, robo ya kwanza, Julai hadi Septemba. Kisichokuwamo kwenye mpango huo utakisotea mwaka mzima.

Na muende wapi? Nendeni kwenye skimu ya mpunga inayofikika kwa lami, kama Dakawa au nyingine iliyo karibu nanyi, pande zote mbili, kwa safari moja. Mashamba ya mpunga yenye maji ndimo Anofelesi arabiensis anamozaliana kwa wingi. Humo humo kuna vipekecha shina, na wale nzi wenye macho yaliyokaa ncha za vikonyo ambao kila mwanafunzi hutaka kuwashika. Asubuhi watu wa mazao wanafundisha kufagia mpunga kwa wavu na kupasua mashina. Jioni watu wa mbu wanatega mitego ya taa kwenye nyumba za kijijini, kwa idhini ya wenye nyumba na ya serikali ya kijiji. Kisha wote wakae chini na swali moja: wakulima hawa wanapulizia nini? Dawa za pairethroidi zilizomo kwenye vyandarua ni jamii ile ile inayopulizwa kwenye mboga, pamba na mpunga, na tafiti za Afrika zimeonyesha mara nyingi kwamba dawa za shambani huchangia usugu wa mbu. Mtu wa mazao anajua kilichopulizwa na lini. Mtu wa mbu ana vizimba na kipimo. Swali hilo upande mmoja hauwezi kulijibu peke yake, na lina uzito wa kutosha kuandikiwa maombi ya ruzuku yenye majina ya pande zote mbili. Kwa mwaka huu ningeridhika na ombi moja la namna hiyo, lililoandikwa vizuri, likitoka kabla ya Desemba.

Hadubini chache haziwezi kukusumbua sana. Gawa madarasa makundi, na moja iliyo nzuri ifungiwe kamera ionyeshe ukutani.

Kuhusu mwalimu wako. Sentensi yake ile, "Hilo tulishalijaribu," ina habari ndani yake ambayo hamjaiomba. Nenda nyumbani kwake kabla ya kikao, ukiwa na rasimu mkononi, umuulize: mlijaribu lini, na nani, likakwamia wapi? Huenda lilikwama kwa sababu umeme wa siku zile haukutosha, au kwa sababu mtu mmoja alihama. Huenda pia bado lina kasoro ile ile, na atakuwa amekuokoa. Sikiliza yote, andika. Kisha mwombe kazi mbili ambazo hakuna mwingine anayeziweza kama yeye: kuhakiki majina ya sampuli wakati Mzee anapitia droo, na kusoma maombi ya ruzuku ya wahadhiri vijana kabla hayajatumwa. Kikaoni mpe nafasi ya kuzungumza mapema, juu ya mambo mliyokwisha kuyaongea. Akipinga hata hivyo, mshukuru, eleza uamuzi wako na sababu zake, uende kwenye ajenda inayofuata. Hutakuwa umemvunjia heshima. Barua ya uteuzi ina jina lako, na yeye aliyekufundisha anaijua maana yake. Nadhani ndani ya moyo wake atapumua akiona mzigo umepata mwenyewe.

Yaliyobaki kwenye orodha yako yajibiwe kwa tarehe, si kwa "tutaangalia". Mashine ya vinasaba, hapana mwaka huu: vitendanishi, umeme usiokatika na mtu wa kuiendesha vitawagharimu kila mwaka, na iliyokaa bila vitendanishi ni fanicha. Hifadhini sampuli kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi mzipeleke kwenye maabara yenye mashine. Ndege isiyo na rubani, hapana. Jarida, hapana kabisa, majarida yapo. Programu ya uzamili inapita Seneti kisha Tume ya Vyuo Vikuu, kwa hiyo mwaka huu mteue mtu mmoja afanye uchunguzi wa mahitaji tu. Wanafunzi wenu wa uzamivu waelekezwe icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi. Kituo hicho, alichokianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, tangu 1983 kina programu ambayo mwanafunzi hufanya utafiti kwao huku akibaki amesajiliwa chuo kikuu. Hivyo mnapata maabara zao bila kujenga zenu.

Utafiti wako ulinde kwa siku moja ya wiki isiyo na vikao, katibu wako aijue na Rasi aijue. Wanafunzi wako wa uzamivu waje siku hiyo. Wakuu wa idara wengi huacha kuchapisha kimya kimya, na miaka mitatu baadaye hawana cha kurudia.

Waraka wa Rasi usiuandike peke yako. Andaa kurasa mbili tu: makundi ya mbu na gharama zake, makabati na mrithi wa Mzee, safari ya pamoja ya Aprili, ombi moja la ruzuku. Kabla hujaupeleka, kiongozi wa upande wa mbu na wa upande wa mazao wausome mbele yako na kuutia saini wote wawili. Wakikataa kusaini, ni afadhali ujue Februari, ukiwa bado na wiki za kuzungumza nao, kuliko kuambiwa na Rasi mwezi Mei. Ukiumaliza nitumie nakala. Nitausoma siku hiyo hiyo.